Pafukapo Moshi Pana Moto: Uhakiki wa Lugha ya Hewa Ukaa Itokanayo na Kemia ya Makaa ya Mawe, Ukitazamwa Kutoka Kwamkoro, Usambara Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha methali, cha sera na cha fasihi kinavyoiwakilisha hewa ukaa, hususan ile inayotokana na viwanda vinavyotengeneza kemikali kwa kutumia makaa ya mawe. Hoja kuu ni kwamba lugha yetu ya mazingira imejengwa juu ya moshi: kinachoonekana kikifuka ndicho kinachoshtakiwa. Kwa kuwa hewa ukaa haina rangi wala harufu, na kwa kuwa kemia ya makaa ya mawe huitoa hata pale ambapo hakuna moshi, lugha hiyo huwashtaki watu wa karibu na kuwaacha watendaji wa mbali bila kutajwa. Makala yanaitumia Kwamkoro kama mahali pa kutazamia, yanachambua istilahi zinazotumika, kisha yanarejea katika Kusadikika ya Shaaban Robert kutafuta namna ya Kiswahili ya kutoa ushahidi juu ya jambo lisiloonekana kwa macho ya baraza.

1.0 Utangulizi

Kwamkoro ni eneo la chai na msitu katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga, jirani na Amani. Jina lake hubebwa na shamba la chai na pia na msitu wa hifadhi ambao mwaka 1997 uliingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na biolojia hapo Amani mwaka 1902, milima hii imeandikwa sana na wataalamu wa mimea, wa misitu na wa kilimo. Wahakiki wa fasihi na lugha wameiandika kwa uchache zaidi, ingawa yanayosemwa juu yake yanastahili uhakiki sawa na yanayoota juu yake.

Mtu akisimama katika milima hii asubuhi ya msimu wa mvua huona weupe wa namna tatu. Wa kwanza ni ukungu unaopanda kutoka mabondeni. Wa pili ni moshi: moshi wa majiko ya nyumbani na moshi wa mabomba ya viwanda vya chai, kwa kuwa viwanda vya Usambara hukausha majani kwa joto la kuni. Weupe wa tatu haupandi wala hauelei. Ni chembe za mbolea ya urea, zinazokaa ndani ya mfuko hadi mkulima azitie shambani.

Ukiuliza ni weupe upi kati ya hizo namna tatu wenye hewa ukaa, wengi watanyosha kidole kwenye moshi. Jibu hilo si la uongo, lakini halijakamilika. Katika kila kilo 60 za urea safi mna kaboni inayotosha kutoa kilo 44 za kabonidayoksaidi mbolea hiyo inapovunjwavunjwa udongoni. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unaobebwa begani kupanda mlima unabeba takribani kilo 37 za hewa ukaa ambayo bado haijatoka. Haifuki, haichomi macho, haiachi masizi kwenye dari. Swali la makala haya ni hili: kwa nini lugha tunayoitumia kuzungumzia mazingira inauona moshi na hauoni mfuko? Na ni nani anayepata hasara kwa upofu huo?

2.0 Moshi kama Ushahidi

Methali ya Kiswahili inasema pafukapo moshi pana moto. Katika nadharia ya semiotiki, Charles Sanders Peirce aliiita ishara ya namna hii indeksi, yaani ishara inayofungamana na kile inachokiashiria kwa uhusiano wa sababu na matokeo. Wingu huashiria mvua, unyayo huashiria mpitaji, na moshi huashiria moto. Methali yetu imebeba nadharia hiyohiyo kwa maneno manne, na imeitumia mbali zaidi ya jikoni: huitumia mwenye nyumba anaposikia uvumi, huitumia hakimu anapopima tetesi, huitumia mzazi anapomtilia mwanawe shaka.

Nguvu ya methali hii ndiyo iliyoingia katika lugha ya mazingira. Tunaposema hewa chafu tunafikiri juu ya hewa inayoonekana kuwa chafu. Tunapochora bango la kupinga uharibifu wa mazingira tunachora bomba jeusi, gogo linaloungua, tanuri la mkaa. Mchoraji hakosei, kwani anatumia ishara ambayo jamii yake inaisoma bila kufundishwa. Tatizo ni kwamba kwa hewa ukaa ishara hiyo inapotosha kipimo. Moshi unaoonekana ni vumbi laini la masizi na matone madogo yatokanayo na uunguaji usiokamilika. Kadiri moto unavyoungua vizuri ndivyo moshi unavyopungua, na ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kaboni iliyomo katika kuni au makaa inavyogeuka kuwa kabonidayoksaidi. Moto safi kwa macho ndio unaoikamilisha kazi ya kuizalisha gesi hiyo. Hivyo basi, mwenye kusoma hewa ukaa kwa indeksi ya moshi husoma kinyume: penye moshi mzito anaona kosa kubwa, na pasipo moshi anaona usafi.

Kwamkoro inatuonyesha athari ya usomaji huo. Ni kweli kwamba misitu ya hapa imeumizwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mitambo kwa ajili ya viwanda vya mbao, mpaka uvunaji huo uliposimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Ni kweli pia kwamba kuni na mkaa vina gharama yake. Lakini katika masimulizi ya kawaida ya uhifadhi, anayebaki kwenye picha baada ya mitambo kuondoka ni mwanamke mwenye mtwiko wa kuni kichwani. Yeye ana moshi. Ana jina la kijiji. Anaonekana, na kwa sababu anaonekana, anakuwa ndiye tatizo.

3.0 Moto Usio na Moshi

Ili uhakiki uwe wa haki, sharti tuelewe kile ambacho lugha inashindwa kukionyesha. Makaa ya mawe hutumika kwa njia mbili kuu. Njia inayofahamika ni kuyachoma ili kupata joto, kama vinavyofanya viwanda vya saruji na mitambo ya umeme. Njia ya pili, ambayo ndiyo kemia ya makaa ya mawe, ni kuyageuza kuwa malighafi. Makaa hukutanishwa na mvuke na oksijeni kidogo katika joto kali, nayo hutoa mchanganyiko wa haidrojeni na kabonimonoksaidi. Kutokana na mchanganyiko huo hutengenezwa amonia, methanoli, mafuta ya magari, plastiki na mbolea. Ufundi wa kuugeuza mchanganyiko huo kuwa mafuta uligunduliwa Ujerumani katika miaka ya 1920 na Franz Fischer na Hans Tropsch. Afrika Kusini iliukuza kwa kiwango kikubwa kupitia kampuni ya Sasol, kwanza Sasolburg katika miaka ya 1950, kisha Secunda, mahali ambapo leo hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa duniani vya hewa ukaa kutoka eneo moja. China nayo ndiyo mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa amonia duniani, na sehemu kubwa ya amonia yake hutokana na makaa ya mawe.

Jambo la msingi kwa mhakiki ni hili. Katika kemia hiyo hewa ukaa haiji kama taka ya pembeni tu. Makaa yana kaboni nyingi na haidrojeni kidogo, ilhali amonia inataka haidrojeni na haitaki kaboni hata chembe. Ili kuipata haidrojeni, kabonimonoksaidi hukutanishwa tena na mvuke: haidrojeni hutoka katika maji, na kaboni hubaki imeshikamana na oksijeni, yaani kabonidayoksaidi. Tukihesabu kwa kaboni tupu, bila kuongeza makaa yanayochomwa kwa ajili ya joto na umeme wa kiwanda, kila tani moja ya amonia hudai takribani tani 1.9 za kabonidayoksaidi. Kiasi hicho hakitokani na uzembe wa fundi wala ubovu wa mtambo. Mtambo mpya unaong'aa, usiotoa hata uzi mmoja wa moshi, utakitoa vilevile, kwa sababu kimo ndani ya mlinganyo wenyewe.

Sasa tuufuate mkondo hadi mlimani. Kiwanda cha urea huchukua sehemu ya gesi hiyo, huiunganisha na amonia, na kuifanya kuwa chembe nyeupe. Kwa kila tani ya amonia inayogeuzwa kuwa urea, takribani tani 1.3 za kabonidayoksaidi huingia ndani ya mbolea badala ya kutoka hewani papo hapo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, unaruhusu gesi iliyoingizwa katika urea iondolewe katika hesabu ya kiwanda cha amonia. Kwa upande wa pili unaitaka nchi ambamo urea hiyo imetiwa ardhini iihesabu gesi inayotoka, katika sekta ya kilimo. Kihesabu, utaratibu huu una mantiki: gesi inaandikwa pale inapotoka. Kimasimulizi, umefanya jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita. Kaboni iliyochimbwa katika mgodi wa nchi moja na kupitia katika kiwanda cha nchi hiyo inaandikwa kwa jina la shamba la nchi nyingine. Mhusika amebadilishwa katikati ya hadithi, na msomaji hakuambiwa.

Hoja hii haihitaji mfuko mmoja maalumu ulioko Kwamkoro uwe umetoka katika kiwanda fulani. Inatosha kwamba urea ni bidhaa ya soko la dunia, kwamba sehemu ya soko hilo inatokana na makaa ya mawe, na kwamba mkulima wa chai au wa mahindi hapewi lugha ya kulijua hilo. Tanga yenyewe ina kumbukumbu ya karibu. Kiwanda cha mbolea kilichofanya kazi mjini humo tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilitegemea amonia iliyoletwa kwa meli. Wenyeji waliliona bomba lake na waliisikia harufu yake. Hatua ya kuitengeneza haidrojeni, ambayo ndiyo yenye hewa ukaa nyingi, ilikuwa imeshafanyika ng'ambo, kwingine kabisa. Hata wakati ule, kilichoonekana na kilichohesabika havikuwa kitu kimoja.

4.0 Uhakiki wa Istilahi

4.1 Mkaa, makaa na ukaa

Kiswahili kina familia moja ya maneno kwa vitu ambavyo kemia ya tabianchi inavitenganisha. Kaa ni kipande kinachowaka. Mkaa ni ule wa miti. Makaa ya mawe ni ule wa ardhini. Ukaa umeundwa kwa kiambishi cha dhahania ili kuitafsiri kaboni. Undugu huu una uzuri wake, kwani unamkumbusha msemaji kwamba msitu wa leo na msitu uliofukiwa mamilioni ya miaka ni kitu kimoja kwa asili. Hata hivyo, undugu huohuo unaficha tofauti kubwa. Mkaratusi uliokatwa kwa ajili ya kukaushia chai, ukipandwa upya na kuachwa ukue, huivuta tena hewani kaboni iliyotoka. Makaa ya mawe hayapandwi upya. Kaboni yake ni nyongeza juu ya mzunguko uliokuwepo.

Mfano wa karibu ni bidhaa inayotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kutokana na makaa ya mawe na kuuzwa kwa jina la Rafiki Briquettes, ambayo kwa kawaida huitwa mkaa mbadala. Hoja ya kuokoa miti ina uzito, hasa baada ya serikali kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Kwa msitu kama wa Kwamkoro, kila gunia la mkaa wa miti lisilonunuliwa ni nafuu. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuuliza: mbadala wa nini? Neno mbadala linalinganisha jiko na jiko, na halilinganishi kaboni na kaboni. Linaeleza kilichoondolewa, yaani mti, na linanyamaza kuhusu kilicholetwa, yaani mgodi. Neno rafiki nalo limeachwa bila shamirisho. Rafiki wa nani? Rafiki wa mti, yawezekana. Wa mapafu ya mpishi, itategemea jiko. Wa tabianchi, jibu halimo katika jina.

4.2 Uzalishaji, utoaji na umwagaji

Istilahi iliyozoeleka zaidi katika nyaraka ni uzalishaji wa hewa ukaa. Mzizi wake ni zaa, na katika Kiswahili cha Tanzania tangu enzi za Ujamaa uzalishaji ni neno la sifa: uzalishaji mali, uzalishaji wa chakula, kuongeza uzalishaji. Tunapoambiwa tupunguze uzalishaji wa hewa ukaa, kitenzi kinatuvuta upande mmoja na nomino upande mwingine. Istilahi ya pili ni utoaji. Nayo ina heshima yake, kwani Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayetoa ni karimu. Kiwanda kinachotoa hewa ukaa kimeazimwa vazi la mfadhili.

Zaidi ya maana ya mizizi, kuna suala la sarufi. Uzalishaji na utoaji ni nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi, na katika kuundwa zimempoteza mtenda. Roger Fowler na wenzake walionyesha mwaka 1979, katika uchunguzi wao wa lugha na udhibiti, kwamba kugeuza tendo kuwa nomino ni njia mojawapo ya kuficha aliyelitenda. Katika Kiswahili upotevu huu unaonekana waziwazi zaidi, kwa sababu kitenzi chetu kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi au ngeli. Sentensi kiwanda kimemwaga hewa ukaa inamtaja mtenda mara mbili, kwa nomino na kwa kiambishi ki-. Kirai utoaji wa hewa ukaa hakimtaji hata mara moja. Makala haya yanapendekeza neno umwagaji, au bora zaidi kitenzi chenyewe kumwaga, kwa kuwa anayemwaga hujulikana, alichomwaga hujulikana, na mahali alipokimwaga huulizwa.

4.3 Hewa

Mwaka 1990 M. A. K. Halliday alieleza kwamba sarufi za lugha nyingi huichukulia hewa kama kitu kisichohesabika na kisicho na mwisho, na kwamba tabia hiyo ya sarufi huishi katika fikra za wasemaji. Kiswahili kina kisa chake. Katika matumizi ya Tanzania, hewa inapowekwa baada ya nomino humaanisha kitu ambacho hakipo: ahadi hewa, miradi hewa, na watumishi hewa waliosakwa katika orodha za mishahara ya serikali mwaka 2016. Ndani ya mazingira hayo ya kiisimu ndimo ilimoingia biashara ya hewa ukaa. Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni mwaka 2022, na uratibu wake umewekwa katika kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Sheria ipo, taasisi ipo. Lakini masikioni mwa mwanakijiji aliyewahi kusikia habari za watumishi hewa, kuuza hewa ni kauli yenye harufu ya utapeli.

Wapo wanaoichukulia shaka hiyo kama ujinga unaohitaji elimu. Makala haya yanaichukulia kama usomaji sahihi wa pengo lililomo katika istilahi. Katika biashara ya namna hii, msitu unaohifadhiwa milimani hulipwa ili kusawazisha gesi iliyomwagwa kwingine, na huko kwingine kunaweza kuwa ndiko kwenye kiwanda cha kemia ya makaa ya mawe. Mwanakijiji anaombwa aingie mkataba ambao upande mmoja wake, yaani kilichomwagwa, nani kakimwaga na kwa mchakato gani, haujatajwa kwa lugha anayoielewa. Anaona mti wake na anaona malipo. Hauoni mtambo. Anapouliza kama ni hewa, anauliza mtenda yuko wapi.

5.0 Fasihi na Ushahidi wa Kisichoonekana

Uhakiki wa kiikolojia katika fasihi ya Kiswahili umekua, na tasnifu zinazochunguza mazingira katika riwaya, ushairi na tamthilia zinazidi kuongezeka. Mara nyingi uchambuzi huo hukusanya taswira: ukame, miti iliyokatwa, mito iliyokauka, moshi wa mji. Mbinu hiyo ina faida, lakini inakusanya yanayoonekana. Hata riwaya zinazotazama hatima ya dunia nzima huielekea picha ya kishindo. Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991) inaifikisha dunia katika maangamizi ya silaha za nyuklia, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inamtembeza msimulizi katika mabara ili kuuhoji utandawazi. Zote mbili ni kazi zenye upeo mpana. Hata hivyo, maangamizi ya kishindo yana siku na saa yake, ilhali ongezeko la hewa ukaa halina siku. Hujilimbikiza kama deni.

Kwa kutafuta umbo la masimulizi linalolingana na jambo la namna hiyo, makala haya yanarudi nyuma zaidi, kwa mwandishi aliyezaliwa mwaka 1909 katika mkoa huuhuu wa Tanga. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inahusu nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akaona, akarudi na habari zenye faida kwa nchi, na malipo yake yakawa kifungo.

Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama istiari ya utawala wa kikoloni na dhuluma ya sheria, na usomaji huo unasimama. Makala haya hayadai kwamba Shaaban Robert aliandika juu ya tabianchi. Dai hilo lingekuwa kichekesho. Yanadai kwamba aliacha umbo la hoja. Baraza la Kusadikika lina tatizo la kiushahidi: mambo yanayoamua hatima ya nchi yako mahali ambapo wajumbe wa baraza hawapaoni. Karama hawezi kuwaonyesha moshi. Anachoweza ni kuwapa masimulizi ya mchakato, yenye mtu aliyetajwa kwa jina, njia aliyoipita, alichokiona, na kilichomfika aliporudi. Utetezi wake ni kinyume cha nomino isiyo na mtenda. Kila jambo lina Buruhani wake, Fadhili wake, Kabuli wake.

Zaidi ya hayo, kazi hii inaonyesha kwamba kutokuona si ajali. Baraza lilikuwa na habari, kwa kuwa wajumbe walirudi. Lilichagua kuwafunga walioileta. Hapo ndipo mfano unapoikaribia hali yetu, kwa maana mlinganyo wa amonia si siri, na mwongozo wa hesabu za gesi umechapishwa na unasomeka na yeyote mwenye nafasi ya kuufikia. Kilichokosekana ni mjumbe wa kuzitoa habari hizo katika lugha ya wataalamu na kuzileta barazani kwa Kiswahili kinachotaja watenda. Kazi hiyo ni ya mhakiki na mfasiri kama ilivyo ya mkemia.

6.0 Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Pingamizi la kwanza ni kwamba uhakiki huu unaweza kutumiwa kuutetea uharibifu wa karibu kwa kuunyooshea kidole ule wa mbali. Pingamizi hilo lina uzito. Moshi wa kuni unaumiza mapafu ya anayepika na ya mtoto aliye mgongoni mwake, na msitu wa Kwamkoro ukifyekwa, viumbe wasiopatikana pengine popote watatoweka, awe amewamaliza mkata mkaa au mwenye mtambo. Makala haya hayasemi moshi hauna kosa. Yanasema moshi si kipimo cha hewa ukaa, na kwamba kuvichanganya viwili hivyo kunaharibu hukumu zote mbili.

Pingamizi la pili ni la mkulima mwenyewe: bila mbolea mavuno hushuka, na kumwambia kwamba mfuko wake una hewa ukaa ni kumwongezea lawama nyingine. Jibu liko katika swali la mtenda. Kiasi cha gesi kilichomo katika urea ni kilekile, iwe imetengenezwa kwa gesi asilia au kwa makaa ya mawe. Tofauti iko kiwandani, ambako njia ya makaa humwaga zaidi kwa kila tani. Mkulima hakuichagua njia hiyo. Kumtaja aliyeichagua ni kumpunguzia mkulima lawama.

Pingamizi la tatu ni la wanaistilahi, kwamba hewa ukaa na uzalishaji wake yamekwisha kuzoeleka, na kuyabadili ni kuleta vurugu. Makala haya hayapendekezi kufuta hewa ukaa, ambayo ni tafsiri fupi na inayoeleweka. Yanapendekeza nidhamu ya kuiandika pamoja na mtenda na mchakato kila inapowezekana, na kuliacha neno uzalishaji kwa vitu ambavyo kweli tunataka vizalishwe.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba methali pafukapo moshi pana moto, ambayo imelihudumia Kiswahili vema katika mambo mengi, inashindwa inapofika kwenye kemia ya makaa ya mawe. Moto upo na moshi haupo. Kushindwa huko hakubaki katika nadharia ya ishara. Kunaamua nani ataitwa mharibifu wa mazingira, gesi ya nani itaandikwa katika daftari la nani, na ni mkataba gani mwanakijiji wa Usambara ataombwa autie saini bila kuona upande wake wa pili.

Kwa mhakiki wa kiikolojia, matini yoyote inayozungumzia hewa ukaa, iwe riwaya, hotuba, kanuni au lebo ya mfuko, inapaswa kuulizwa maswali matatu: nani amemwaga, kwa mchakato gani, na hesabu imeandikwa kwa jina la nani. Maswali hayo hayahitaji nadharia ngeni. Yanahitaji kurudisha kiambishi cha nafsi mahali pake katika kitenzi, jambo ambalo kila mtoto anayejifunza Kiswahili hulifanya bila kufikiri. Pale Kwamkoro ukungu utapanda na kushuka, na moshi wa kuni utaendelea kuonekana kwa muda. Mfuko mweupe nao utaendelea kubebwa mlimani, na anayeubeba ana haki ya kujua kwa lugha yake kwamba ndani yake mna moto wa mtu mwingine.